Neno "Mshipa" na Picha za Jicho Lililotoboka

Neno "mshipa" ni pana mno: hutaja njia ya damu, uzi wa fahamu, na hata ugonjwa wa ngiri. Barazani upana huo hauna madhara. Hospitali waweza kumpotosha tabibu. Mkulima wa Bukoba aliyechomwa na kijiti migombani, au fundi wa Muleba aliyerukiwa na kipande cha chuma akigonga nyundo, akisema mshipa wa jicho umekatika, huenda ameona damu tu juu ya weupe wa jicho. Tabibu aweza kudhani ni neva ipelekayo habari za nuru ubongoni, nayo ikikatika haiungiki tena.

Swali la kwanza basi lataka neno lisilo na shaka: kimeingia nini? Eksirei huonyesha chuma; sitiskani, ipigayo tabaka kwa tabaka, huonyesha pia mahali kilipo na mfupa uliovunjika kando ya neva. Lakini humo kijiti kikavu chaweza kufanana na hewa. Emuarai hukibainisha vyema zaidi, ila hutumia sumaku kali, na chuma kilichosalia jichoni chaweza kusogea na kuliharibu kabisa. Chombo cha mawimbi ya sauti nacho hakigandamizwi juu ya jicho lililotoboka.

"Mshipa wa fahamu" ni jina zuri, lakini wasemaji hulikata likabaki "mshipa". Yafaa hospitalini "neva" litumike peke yake, na "mshipa wa damu" litamkwe zima, hasa pale simulizi la mzee asemaye Kihaya linapopitia kwa mkalimani.