Saraka Moja kwa Kompyuta Nyingi: Kulinda Njia ya Taarifa za Mgonjwa

Mgonjwa wa Masieda anapopewa rufaa kwenda Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955 wilayani Mbulu, huhudumiwa na idara kadhaa. Katika hospitali yenye mfumo mmoja wa kielektroniki, mapokezi, maabara na famasi huweza kusoma taarifa zake kutoka kanzidata moja. Ili kuifikia, kila kompyuta lazima ijue anwani ya seva na jina la kanzidata.

Mara nyingi mipangilio hiyo huandikwa katika kila kompyuta. Seva ikihamishwa, fundi huzizungukia zote. Akisahau moja, na seva ya zamani ikawa bado inawaka, maabara yaweza kuhifadhi majibu huko na daktari asiyaone kamwe.

Dawa yake ni huduma ya saraka, hususan ile inayofuata kanuni za LDAP, zilizochapishwa mwaka 1993. Saraka hutunza anwani ya kanzidata mahali pamoja, na kompyuta huiuliza kabla ya kuunganishwa. Badiliko hufanywa mara moja tu.

Hata hivyo, saraka ikizimika, kompyuta zinazotaka kuunganishwa hukosa njia. Kwa hiyo iwe na nakala kwenye seva ya pili, na ni wasimamizi wachache tu waruhusiwe kuibadilisha.

Mhudumu, usipoona majibu unayoyatarajia, usihitimishe kwamba kipimo hakikufanyika; ulizia maabara. Nawe mgonjwa, tunza kadi na barua yako ya rufaa.