Sayansi ya Mara isimuliwe mitandaoni kuanzia kwa mvuvi na mkulima

Mgeni anayefika Butiama huelekea Mwitongo, yalipo makazi na kaburi la Baba wa Taifa, kisha hutazama Makumbusho ya Mwalimu Julius K. Nyerere na kuondoka. Wilaya hiyo hiyo ina Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia kinachobeba jina la Mwalimu (MJNUAT), na mkoa unaokizunguka umejaa vivutio vya kisayansi visivyo na bango wala kibanda cha tiketi. Simulizi fupi katika mitandao ya kijamii ni njia nafuu ya kuvitangaza, endapo zitaanza na jambo ambalo mwananchi tayari anaishi nalo.

Mfano ni furu, samaki mdogo anayefahamika kwa wavuvi wa Musoma. Wanasayansi wanaeleza kuwa Ziwa Victoria lilikauka takriban miaka 15,000 iliyopita, na kwamba tangu lilipojaa tena zimetokea mamia ya aina za furu, kasi ambayo ni nadra mno duniani. Sangara alipandikizwa ziwani kuanzia miaka ya 1950. Kufikia miaka ya 1980 aina nyingi za furu zilikuwa zimetoweka. Mvuvi mzee anayekumbuka furu wa utotoni mwake, akiketi na mtaalamu anayeeleza kilichotokea, ni video ya dakika mbili yenye uzito kuliko picha kumi za uzinduzi wa jengo.

Wilayani Bunda, tembo kutoka Hifadhi ya Taifa Serengeti huingia mashambani. Mkulima hahitaji kuambiwa uzito wa tembo. Anataka kujua kwa nini mnyama huyo hurudi nyuma asikiapo mvumo wa nyuki. Huogopa kuumwa ndani ya mkonga na kuzunguka macho, ndiyo maana baadhi ya wakulima Afrika Mashariki huzungushia mashamba mizinga. Simulizi ya kweli itaonesha pia kuwa mizinga ikikosa nyuki, uzio hupoteza nguvu.

Wanaorekodiwa wana haki zao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, inamtaka mkusanyaji wa taarifa kumjulisha mhusika madhumuni yake. Mvuvi aelezwe, kabla ya kamera kuwashwa, video itawekwa wapi na kwa lengo gani.

Kila simulizi itaje pia siku ambazo wageni hupokelewa na ofisi ya kuulizia, kwani mwalimu wa sekondari anayetaka kuleta wanafunzi huhitaji hayo kwanza.