Mikanda ya Mbwa na Hatamu za Punda: Kazi ya Miezi Isiyo na Karafuu



Kila msimu wa karafuu ukimalizika, swali huwa lile lile katika afisi yetu: tufanye nini mpaka mikarafuu izae tena? Mkarafuu hautoi ahadi. Mwaka mmoja huzaa hata matawi yakainama, na mwaka wa pili huenda mtu asipate ila pishi chache za kuanika. Na hata ukizaa vyema, bei haimo mikononi mwetu. Waliokuwa wakichuma katika miaka ya 1980 wanakumbuka jinsi Indonesia, iliyokuwa mnunuzi wetu mkubwa, ilivyojitosheleza kwa karafuu zake yenyewe, na bei ikaanguka.

Kwa hiyo leo nataka kuzungumza nanyi juu ya kazi moja ndogo ya mkono ambayo baadhi yenu mtacheka mkiisikia: kutengeneza na kuuza vifaa vya kuvalisha wanyama, yaani mikanda ya shingo ya mbwa na paka, hatamu za punda, kamba za mbuzi, na njuga. Anayetaka kucheka na acheke, lakini asome mpaka mwisho.

Kwa nini Kagondo

Mfano wangu nauchukua mbali: Kagondo, katika Mkoa wa Kagera, kusini ya mji wa Bukoba, upande wa magharibi wa Ziwa Viktoria. Nimeuchagua kwa sababu mbili.

Ya kwanza, wakulima wa huko ni wenzetu wa shida moja. Wao hutegemea kahawa kama sisi tunavyotegemea karafuu, nao huipanda pamoja na migomba katika shamba la nyumbani waliitalo kibanja. Mwaka 1997 ugonjwa wa mnyauko wa kahawa ulionekana Kagera. Mwaka 2006 mnyauko wa migomba nao ukaonekana katika Wilaya ya Muleba. Fikirini mtu mwenye kibanja kimoja: pesa yake imo katika kahawa, chakula chake kimo katika ndizi, na vyote viwili vimeguswa na maradhi katika muda wa miaka tisa. Mtu kama huyo hahitaji kuhubiriwa kwamba kikapu kimoja hakitoshi.

Ya pili, Kagondo si Mji Mkongwe wala si Nungwi. Mtalii hapiti mlangoni kila asubuhi. Basi kazi itakayosimama huko kwa kuuziwa majirani, yaweza kusimama Micheweni na Makunduchi pia.

Mnunuzi ni nani?

Wengi wanaoanza kazi hii hufikiri kwanza mgeni kutoka Ulaya. Si fikira mbaya. Kenya iko mikanda ya mbwa ya ngozi iliyoshonewa shanga kwa mtindo wa Kimaasai. Huuzwa kwa wageni na hupelekwa ng'ambo. Lakini tazameni yaliyomo. Shanga hizo ndogo za kioo kwa wingi hutoka Czech, na hununuliwa kwa pesa taslimu kabla ya kazi kuanza. Mnunuzi yuko mbali, hutaka mikanda mingi ya kipimo kimoja, na rangi aipendayo mwaka huu huenda mwakani asiitake. Mtu mwenye mtaji mdogo asianzie hapo.

Mtu wa Kagondo anaye mnunuzi wa karibu zaidi. Mwenye kibanja huwa na mbuzi ambaye lazima afungwe asile mazao ya jirani. Wengine wana ng'ombe, maana samadi ndiyo nguvu ya migomba. Na mbwa hulinda usiku. Sasa tazameni shingo za wanyama hao. Huyu amefungwa kipande cha kamba kuukuu, yule waya, na mwingine utepe wa mpira wa baiskeli. Kamba nyembamba hukata ngozi, waya hutoboa, kidonda huingia nzi, na mnyama hudhoofika. Haja ipo kila mtaa. Ila hakuna aliyekwenda mlangoni na kitu kilichotengenezwa vizuri mkononi.

Kwetu visiwani ni hivyo hivyo. Tuna ng'ombe wa gari wanaotubebea magunia, tuna punda, tuna mbuzi, na paka hakosekani nyumba yo yote. Unguja wapo wasasi wanaotoka na mbwa wao kuwinda nguruwe wanaoharibu muhogo.

Najua mtu atauliza habari ya mbwa na dini. Simhimizi mtu kulaza mbwa ndani ya nyumba. Lakini tuliofundishwa chuoni twajua kwamba mbwa wa kuwinda, wa kuchunga na wa kulinda shamba ametolewa ruhusa, na Sura ya Al-Maida imetaja wanyama waliofunzwa kuwinda. Twajua pia hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila ya chakula. Aliyeruhusiwa kumfunga mnyama hakuruhusiwa kumtesa.

Mkanda na kichaa cha mbwa

Liko jambo jingine linaloufanya mkanda usiwe pambo tu. Katika kampeni za chanjo ya kichaa cha mbwa hapa Tanzania, mbwa waliochanjwa wamekuwa wakivishwa mikanda ili wajulikane na wahesabiwe. Pemba twalijua vizuri jambo hili. Kampeni zilianza mwaka 2010, na kufikia mwaka 2014 ugonjwa ulikuwa umekatika. Mwaka 2016 ukaingia tena kutoka nje ya kisiwa, ikabidi chanjo zirudiwe mpaka ukakomeshwa mara ya pili. Ugonjwa huu ukishaonyesha dalili kwa mtu, karibu kila mara huua.

Basi fundi mwenye akili ataweka pete ndogo ya pili katika kila mkanda wa mbwa, mahali pa kutundika alama ya chanjo. Gharama yake ni ndogo, na mwenye mbwa atakuwa na sababu ya kununua. Ila fundi asimdanganye mtu: mkanda si chanjo. Amwambie mnunuzi ampeleke mbwa wake kwa bwana mifugo, hasa karibu na tarehe 28 Septemba, ambayo ni siku ya kichaa cha mbwa duniani.

Vitu vya kuanzia

Ngozi iwe iliyokwisha kutengenezwa. Ngozi mbichi iliyokaushwa juani tu hunuka, na ikinyeshewa kisha ikakauka huwa ngumu kama ubao. Mwenye mtaji mdogo asinunue ngozi nzima. Aende kwa fundi viatu akanunue mabaki marefu. Kwa fundi huyo huyo atajifunza kutumia maharazi na shazia, na kupaka uzi nta ili usioze upesi. Bizimu na pete ziwe za chuma kisichoshika kutu, maana mkanda hukatika mara nyingi penye bizimu, si penye ngozi.

Kagondo kamba ya mgomba hupatikana karibu na bure, lakini ikilowa na kukauka mara kwa mara huchakaa. Yafaa kwa kikapu, haifai kumzuia ng'ombe. Sisi tumepewa makumbi ya nazi, na kamba ya usumba haiogopi maji hata ya bahari. Kasoro yake ni kukwaruza. Hivyo sehemu inayogusa shingo na izungushiwe kitambaa kizito kilichoshonwa vizuri.

Kipimo

Hapa ndipo fundi mzuri anapojulikana. Mkanda wa mbwa ukishafungwa, vidole viwili vipite kati yake na shingo: visipopita unakaba, vikipita vinne mbwa atauvua. Mbwa wa kadiri atoshwe na upana wa inchi moja. Tobolea matundu matano au sita, inchi moja moja, na mwambie mwenye mbwa mchanga aulegeze kila wiki, kwa sababu shingo hukua na mkanda haukui.

Paka ni habari nyingine. Yeye hupanda miti na mapaa, na mkanda ukinasa katika tawi aweza kunyongwa. Wake uwe mwembamba na uwe na kipande cha mpira unaovutika, apate kujinasua. Hatamu ya punda iwe pana juu ya pua, isiwe na fundo wala ncha ya uzi upande wa ndani.

Usiuze cho chote kabla ya kukijaribu. Mvalishe mnyama wako mwenyewe mwezi mzima, kwa jua na mvua, kisha uvue utazame shingo na mshono. Mkanda mmoja uliotia kidonda hukuharibia jina kama vile karafuu mbichi kidogo zinavyoharibu gunia zima.

Bei

Nimeona kazi nyingi za mikono zikifa, na mara nyingi haziui wanunuzi, huziua hesabu. Tazameni hesabu hii ya mfano, si bei ya soko. Tuseme mtu wa Kagondo ametengeneza mkanda mmoja. Ngozi shilingi 2,500. Bizimu na pete shilingi 1,500. Uzi na nta shilingi 300. Nauli, ikigawanywa kwa mikanda yote aliyonunulia vifaa siku ile, shilingi 400. Jumla shilingi 4,700. Akiuza kwa shilingi 7,000 atafurahi, akidhani amepata faida ya shilingi 2,300.

Lakini ameshona saa tatu. Tena maharazi huvunjika, na ngozi nyingine hukatwa vibaya. Kwa hayo na atoe shilingi 800. Zimebaki shilingi 1,500, yaani shilingi 500 kwa saa. Hiyo si faida, ni ujira mdogo. Kama saa yake anaithamini kwa shilingi 1,500, mkanda umemgharimu shilingi 10,000 hata kabla ya faida. Aidha auze kwa shilingi 12,000, aidha ajifunze kushona kwa saa mbili, aidha apunguze gharama ya ngozi. Njia ni hizo tatu, na zote huonekana kwa aliyeandika tu. Mali bila daftari huisha bila habari.

Majirani wasioweza bei hiyo wasiachwe. Kwao itengenezwe kamba ya mbuzi yenye shingo iliyoshonewa kitambaa, ambayo haina bizimu wala ngozi. Mkanda mzuri auzwe mjini: Bukoba kwa mtu wa Kagondo, na kwetu Chake Chake au Darajani. Baada ya mwaka mmoja wa kazi iliyojaribiwa, ndipo fundi aende kwa wenye maduka ya wageni, akiwa na bei anayoijua.

Pa kuanzia

Anzeni na mikanda kumi, si mia. Watu watatu wakishirikiana hupata ngozi kwa bei nafuu: mmoja akate, mmoja ashone, mmoja auze na kuandika. Huko bara lipo SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, na kwetu ipo SMIDA. Waendeeni kwa ushauri kabla ya kukopa. Vijana waliomaliza skuli na wanakaa barazani wapeni maharazi, muone.

Kazi hii haitachukua nafasi ya mikarafuu, na atakayeacha kupalilia shamba kwa ajili yake atakuwa amekosea. Lakini pesa ya mikanda kumi kwa mwezi yaweza kulipa ada na sukari, ikamwepusha mkulima na kuuza karafuu zake zingali mtini kwa mkopeshaji. Hiyo peke yake ni faida kubwa.

Atakayetengeneza mkanda wake wa kwanza na auleta afisini siku ya mkutano. Tutaupima kwa vidole viwili, tutauvuta, na tutamwambia kweli.

Wasalaam,
Katibu