Chungu kimoja, sahani tofauti: namna ya kupunguza uzito bila kuacha kula na familia



Mtu akirudi kutoka kituo cha afya na kusema ameshauriwa kupunguza uzito, majirani wengi hucheka. Husema, "Mtu atanenepaje kambini, na mgao wenyewe ndio huu?" Tumezoea kusikia habari za utapiamlo, na za watoto wanaopimwa mkono kwa utepe. Habari ya mtu mzima aliyezidi uzito huonekana kama mzaha.

Lakini sisi wahudumu wa afya wa kujitolea tunaopita nyumba kwa nyumba hukuta mambo hayo mawili chini ya paa moja. Mtoto ana uzito mdogo, na bibi yake ana presha, magoti yanamuuma, naye hawezi kupanda mlima mdogo wa kwenda bombani bila kupumzika mara mbili. Wote wanakula chungu kimoja. Ukimsaidia bibi vibaya, unamuumiza mtoto. Makala hii inaeleza namna ya kuwasaidia wote wawili bila kupika vyungu viwili, maana kuni za vyungu viwili hatuna.

Kwa nini mtu mzima hunenepa hata kambini?

Mwili huhesabu nguvu inayoingia na nguvu inayotumika. Inayobaki huwekwa kama mafuta, hata kama chakula chenyewe kilikuwa bugali na maharage tu.

Kambi hii ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996. Wako waliofika hapa wakiwa vijana na sasa wana wajukuu. Kule Kivu na Burundi wazazi wetu walilima tangu asubuhi, wakabeba mihogo, wakavua, wakatembea kwenda sokoni. Hapa wengi hawana shamba la kulima. Mwili umepunguziwa kazi, lakini tonge la bugali limebaki la mkulima. Umri nao unapanda, na mwili wa mtu mwenye miaka 50 hautumii chakula kama wa kijana wa 20.

Tena vyakula vya bei nafuu mara nyingi ndivyo vyenye nguvu nyingi ndani ya kipande kidogo: mandazi, chai ya sukari nyingi, mihogo ya kukaanga. Mtu anaweza kunenepa huku mwili wake ukikosa damu na vitamini. Unene si dalili kwamba mtu anakula vizuri.

Utajuaje kama umezidi?

Usijipime kwa macho ya majirani. Katika kituo cha afya hupimwa uzito na urefu pamoja. Kwa mfano, mtu mzima mwenye urefu wa sentimita 160 huhesabiwa kuwa amezidi uzito akifika kilo 64, na kuwa na unene wa hatari akifika kama kilo 77. Kiuno pia hutazamwa. Kwa mwanamke hatari huanza kuongezeka kiuno kikizidi sentimita 80, na kwa mwanamume sentimita 94. Mafuta ya tumboni ndiyo yanayoongozana zaidi na presha, kisukari na magonjwa ya moyo.

Habari njema ni kwamba huhitaji kurudi kuwa kama ulivyokuwa siku ya harusi. Mtu mwenye kilo 80 akipunguza kilo 4 hadi 8 tu, presha na sukari yake huweza kuwa bora, na magoti hupumua.

Usijitenge na chungu cha familia

Wengi wakiambiwa wapunguze uzito huchukua njia ya kukimbia chakula. Mama anawapakulia wote, halafu anasema, "Mimi sili." Mchana kutwa hana kitu tumboni. Jioni anapopika anaonja mara kumi, kisha anamaliza makombo ya watoto ili yasitupwe. Usiku njaa inamshinda, anakula peke yake gizani, na hapo hajui amekula kiasi gani. Baada ya wiki mbili uzito ni ule ule na hasira imeongezeka.

Kula pamoja kwa saa inayojulikana, hata kama ni mara mbili tu kwa siku, kunasaidia kuliko kufunga ovyo. Mtu anayejua kwamba chakula kipo saa saba na saa moja usiku hana haja ya kudokoadokoa. Watoto nao hujifunza kula kwa kuwatazama wakubwa. Na mezani, au mkekani, ndipo mzazi anapogundua mapema kwamba mtoto fulani leo hakugusa chakula na huenda anaumwa.

Kwa anayetumia dawa za kisukari, kuruka mlo ni hatari. Sukari inaweza kushuka ghafla, akatetemeka, akatoka jasho na hata kuzimia.

Namna ya kufanya nyumbani

1. Pakua kila mtu sahani yake. Tunapenda sinia moja, na ni desturi nzuri ya undugu. Lakini kwenye sinia anayekula haraka anakula sana, na mtoto mdogo anayekula polepole anabaki na kidogo. Mpe kila mtu sahani au bakuli lake, halafu kaeni pamoja kama kawaida. Kwa jambo hili moja anayetaka kupungua anaona kipimo chake, na mtoto analindiwa fungu lake.

2. Pika kwa mafuta kidogo, kisha ongeza mafuta kwenye bakuli la mtoto. Hili ndilo tungependa kila nyumba ilishike. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina kama kalori 120. Tuseme nyumba ya watu sita inamimina vijiko 12 kwenye chungu. Kila mmoja amekula vijiko viwili, yaani kalori 240, bila kuviona. Pika kwa vijiko 5 au 6. Ukishapakua, chukua kijiko kidogo cha mafuta uchanganye kwenye chakula cha mtoto mdogo. Tumbo lake ni dogo na linahitaji chakula chenye nguvu. Mafuta ya mgao huongezwa vitamini A, nayo mtoto anaihitaji. Hivyo chungu ni kile kile, ila mtoto amepata zaidi na bibi amepata pungufu.

3. Gawanya sahani ya mtu mzima. Nusu iwe mboga za majani, robo iwe bugali, na robo iwe maharage, dengu au ndagala. Anza na mboga na maharage, bugali ufuate. Maharage hukaa tumboni muda mrefu na kuzuia njaa kurudi upesi. Tonge la jumla lisizidi ukubwa wa ngumi yako au ngumi moja na nusu.

4. Sombe isiogelee. Sombe ni chakula kizuri sana, lakini mawese yakielea juu na karanga zikiwa nyingi, inakuwa nzito kuliko nyama. Punguza mawese, ongeza kitunguu, nyanya au bilinganya. Usipunguze muda wa kuipika.

5. Tumbo lako si ndoo ya makombo. Pakua kidogo kwa watoto, waongezewe wakitaka. Kilichobaki chunguni kifunike mapema na ukipashe moto mpaka kichemke kabla ya kukila tena siku hiyo hiyo.

6. Chumvi. Mtu mzima asizidishe kijiko kimoja kidogo kwa siku, yaani gramu 5, kwa vyakula vyote pamoja. Vile vidonge vya kuongeza ladha ya mchuzi ni chumvi kwa sehemu kubwa. Ukivitia, usitie chumvi nyingine. Samaki wa chumvi aloweshwe na maji yamwagwe.

Tazama kikombe pia

Wengine husema, "Sili kitu, nakunywa chai tu." Vikombe vitatu vya chai kwa siku, kila kimoja na vijiko vinne vidogo vya sukari, ni vijiko 12, karibu gramu 50 na kalori 200. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongeza isizidi kiasi hicho kwa siku, na nusu yake ni bora zaidi. Punguza kijiko kimoja kila wiki. Ulimi huzoea. Chai ya tangawizi au mchaichai haidai sukari nyingi. Soda iwe ya sherehe, na kiu ya kila siku iondolewe na maji safi.

Mboga zitoke wapi?

Tunajua swali hili, maana kwenye mgao hakuna majani. Gunia moja lililojazwa udongo na samadi linaweza kubeba lenga-lenga, spinachi au vitunguu nje ya mlango wako. Matembele hushika haraka ukipanda kipande cha shina. Maji uliyooshea mboga au mchele yanatosha kumwagilia, mradi hayana sabuni.

Tunajua pia kwamba maharage huuzwa ili kupata sabuni, sare ya shule au nauli. Hatuji kukulaumu. Tunaomba tu kwamba ukilazimika kuuza, usiuze maharage yote ukabaki na unga na mafuta. Sahani ya unga na mafuta humnenepesha mkubwa na kumdhoofisha mdogo. Maharage yakilowekwa usiku kucha huiva mapema na kuokoa kuni.

Wasiopunguzwa chakula

Mzazi akipunguza, nyumba nzima isipunguzwe naye. Wafuatao wasipunguziwe chakula kwa lengo la kukonda:
- mtoto, na hasa aliye chini ya miaka mitano;
- mama mjamzito;
- mama anayenyonyesha, bila ushauri wa mhudumu wa kituo;
- mgonjwa wa kifua kikuu au anayetumia dawa za virusi vya UKIMWI, bila ushauri wa mhudumu wa kituo;
- mzee aliyeanza kudhoofika.

Na unga wa uji uliotolewa kwa ajili ya mtoto au mjamzito ni wake peke yake.

Maneno ya watu

Hapa ndipo wengi hushindwa. Unene kwetu ni heshima. Mke akinenepa, husemwa mume anamtunza. Akipungua, wapo watakaonong'ona kwamba ana ugonjwa au ana matatizo ya ndoa. Mama mmoja alituambia kwamba alikuwa ameanza vizuri, lakini aliacha kwa sababu shemeji zake walikuwa wakimuuliza kila siku nani anamtesa.

Baba, wewe ndiye unayeweza kuyazima maneno hayo. Sema mbele ya ndugu, "Mama watoto anafuata ushauri wa kituo kwa ajili ya presha, na mimi namsaidia." Kisha usidai mchuzi wenye mafuta yanayoelea huku ukimtaka yeye ale majani peke yake. Mkifuata chungu kimoja, hakuna anayeonekana kuadhibiwa. Na wewe mwenyewe ukapime, kwa maana presha haichagui mama tu.

Ukiwa mgeni, huna haja ya kukataa chakula na kumvunjia mwenyeji heshima. Nawa, kaa, kula tonge mbili na mboga, shukuru. Ugeni hauhesabiwi kwa wingi wa matonge.

Maswali tunayoulizwa

*Nipungue kwa haraka gani?*
Polepole. Kilo moja au mbili kwa mwezi ni hatua nzuri, na usizidi kilo moja kwa wiki.

*Kuna majani na vidonge vya kukondesha vinauzwa sokoni. Je, vinafaa?*
Hapana. Vingi huharisha tu. Unapoteza maji na chumvi za mwili, wala si mafuta, na unaweza kuharibu figo.

*Nimepungua sana na sikubadilisha chakula. Je, nishukuru?*
Usishukuru, nenda kituo upesi. Kupungua bila sababu, hasa pamoja na kikohozi cha wiki mbili, homa, jasho la usiku, au kiu na kukojoa sana, kunahitaji kupimwa.

*Nikipungua, niache dawa za presha?*
Usiache wala usipunguze mwenyewe. Anayebadilisha dawa ni mhudumu aliyekupima. Wengine waliacha kwa sababu walijisikia vizuri, na kiharusi kikawakuta wamelala.

*Kazi za nyumbani zinatosha kuwa mazoezi?*
Kwa anayechota maji na kutafuta kuni, mara nyingi zinatosha. Kwa anayekaa kwenye biashara au cherehani, tembea haraka nusu saa kwa siku, siku tano za wiki.

Anza leo jioni

Usibadilishe yote kwa siku moja. Leo jioni fanya mawili tu: pakua kila mtu sahani yake, na upime mafuta kwa kijiko badala ya kumimina kutoka kwenye chupa. Wiki ijayo punguza kijiko cha sukari. Baada ya mwezi nenda kituo ukapimwe uzito na presha, na uandikiwe kwenye kadi yako. Haba na haba hujaza kibaba, na kwa njia hiyo hiyo kibaba hupungua.

Kama hujui hali ya uzito au presha yako, mwulize mhudumu wa afya wa mtaa wako akuelekeze siku ya kupima. Tukipita nyumbani kwako saa ya chakula, tutafurahi kuwakuta wote mmekaa pamoja, bibi na mjukuu, kila mmoja na sahani inayomfaa.