MAGURUDUMU YA PIKAPU HUNUNULIWA KWA VIPIMO, SI KWA MACHO

Apitaye Gatsata, mtaa wa Kigali uliojulikana kwa miaka mingi kwa gereji na vipuri vyake, hakosi kuona rimu zilizopangwa mbele ya maduka ziking'aa kama sahani za arusi. Mwenye pikapu husimama, huhesabu matundu ya nati, akakuta ni sita kama yale ya gari lake. Bei hupatanwa, na gari hurejea nyumbani likiwa na sura mpya. Miezi michache baadaye huanza manung'uniko: usukani unatetemeka, beringi zinalia, na tairi linasugua madigadi kila gari likatapo kona.

Kupenda kitu kizuri si kosa. Kosa ni kusahau kwamba gurudumu ndilo linalobeba baba, mama, watoto na magunia ya viazi kwa pamoja. Kabla ya fedha kutoka mfukoni, hapana budi vipimo vijulikane.

MATUNDU SITA HAYATOSHI

Toyota Hilux nyingi zilizotengenezwa tangu mwaka 2005 zina nati sita katika duara lenye kipenyo cha milimita 139.7. Ford Ranger za tangu mwaka 2011 nazo zina nati sita katika duara lilo hilo. Mnunuzi aweza kudhani rimu zake zinabadilishana. La hasha! Tundu la katikati la rimu ya Ranger ni milimita 93.1, ilhali kitovu cha Hilux chahitaji kama milimita 106. Rimu ya Ranger haitaingia katika Hilux. Rimu ya Hilux yaweza kuingia katika Ranger, lakini itaning'inia kwa nati peke yake bila kushikwa katikati. Hapo ndipo mtetemeko huanzia. Dawa yake ni pete ya kujazia nafasi hiyo, iliyochongwa kwa kipimo sawasawa.

MAANA YA OFSETI

Ofseti ni umbali kati ya mstari wa katikati ya upana wa rimu na uso unaokaa juu ya kitovu. Uso huo ukiwa upande wa nje wa mstari, ofseti ni ya kujumlisha. Ukiwa upande wa ndani, ni ya kutoa. Aghalabu namba yake huchongwa juu ya rimu, ikitanguliwa na herufi ET.

Uchukuliwe mfano wa Hilux yenye rimu ya inchi 17 kwa upana wa inchi 7.5 na ofseti ya milimita 30. Mwenyewe akiiondoa na kufunga rimu yenye upana wa inchi 9 na ofseti sifuri, ukingo wa nje utajitokeza kwa takriban milimita 49 zaidi, karibu upana wa vidole vitatu. Gurudumu likisogea nje hivyo, uzito huvuta beringi kama mtu abebaye ndoo kwa mkono ulionyooshwa. Usukani hupiga teke kila tairi likutanapo na shimo, na matope ya masika huwarukia waendao kwa miguu. Kinyume chake, ofseti ikizidi mno, gurudumu huingia ndani na kuweza kugusa breki au mikono ya springi.

KIPENYO NA BREKI

Tairi la 265/65R17 lina kipenyo cha milimita 776 hivi. Tairi la 265/60R18 lina 775, kwa hiyo rimu imekua lakini gurudumu zima halikubadilika. Hilo ni badiliko la busara. Bali tairi la 285/70R17 lina milimita 831, yaani asilimia 7 zaidi. Kipima mwendo kikionyesha kilomita 60, gari linakwenda 64, na kamera ya barabarani haisikii utetezi huo.

Kubwa kuliko faini ni breki. Kadiri gurudumu linavyokuwa kubwa, ndivyo breki zile zile zinavyohitaji nguvu zaidi kulizuia. Kigali ni mji wa vilima. Ashukaye kutoka Shyorongi kuelekea Nyabugogo akiwa na shehena hana nafasi ya kujaribu bahati.

KABLA YA KULIPA

Kwanza, isomwe karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, yenye ukubwa wa tairi na upepo wake. Pili, itazamwe namba ya uzito: 112 maana yake tairi moja hubeba kilo 1,120. Tairi dogo la saluni halifai pikapu. Tatu, magurudumu yote manne yawe sawa, na la akiba pia, hasa kwa gari linaloendeshwa kwa magurudumu manne. Nne, baada ya kufunga, usukani uzungushwe hadi mwisho kulia na kushoto, gari likiwa na mzigo, ili ionekane kama kuna panaposuguana. Tano, nati zikazwe tena baada ya kilomita 100 hivi.

Rimu za kiwandani nazo zihifadhiwe nyumbani; huenda zikahitajika siku ya ukaguzi wa gari, au siku ya kuliuza.

Kuuliza si ujinga. Muuzaji asiyeweza kutaja ofseti ya rimu aiuzayo, heri apitwe.