Kumbukumbu za Dublin Ziliungua, Madaftari ya Vijijini Yakaokoa Nasaba

Mwacha asili ni mtumwa, walisema wahenga. Lakini je, msomaji mpenzi, mtu ataishikaje asili asiyoijua? Keti barazani Mombasa, Lamu au Malindi, umwulize kijana jina la babake. Atakujibu papo hapo. Mwulize jina la babu, atakujibu pia. Mwulize babake babu alikuwa nani, ataanza kukuna kichwa. Na ukimwuliza nyanya mzaa mama alizaliwa wapi na nani, mazungumzo yatageuzwa yawe ya mpira.

Wako watu wa mbali, wasio wa dini yetu wala wa bahari yetu, waliopatwa na msiba huu wa kutojua walikotoka. Dawa yake wakaipata katika madaftari makuukuu ya mapadri wa Kikatoliki wa vijijini. Hao ni Waairishi, wenyeji wa kisiwa cha Ayalandi, magharibi mwa Uingereza. Kisa chao kina funzo kwetu.

Njaa iliyowatawanya

Mwaka 1845 ugonjwa uliingia katika mashamba ya viazi ya kisiwa hicho. Kwa maskini, viazi ndivyo vilivyokuwa chakula cha asubuhi, mchana na jioni. Kufikia mwaka 1852 watu wapatao milioni moja walikuwa wamekufa kwa njaa na maradhi, na wengine wapatao milioni moja walikuwa wamepanda meli kuhama.

Katika mji mdogo wa Skibbereen, upande wa Cork, yako makaburi ya Abbeystrowry. Hapo inakisiwa wamelala watu kati ya 8,000 na 10,000 waliofukiwa pamoja wakati wa njaa hiyo, bila jeneza wala jiwe lenye jina.

Leo vitukuu na vilembwe vya wale waliohama wamejaa Boston, New York, Liverpool na Sydney. Wengi wanarudi kisiwani wakiuliza swali moja: sisi ni watu wa wapi, na tuliowaacha nyuma walikuwa nani?

Moto wa mwaka 1922

Mtu angedhani jawabu liko serikalini. Watu wa kisiwa hicho walihesabiwa nyumba kwa nyumba mwaka 1821, 1831, 1841 na 1851, na karatasi zake zikawekwa katika jumba kubwa la kumbukumbu mjini Dublin. Juni 1922, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka, jumba hilo lilishambuliwa likalipuka na kuungua. Karibu hesabu zote hizo zikawa majivu. Za mwaka 1861 hadi 1891 zilikuwa zimekwisha kuharibiwa na serikali yenyewe. Kwa hiyo hesabu ya kwanza iliyosalimika nzima ni ya mwaka 1901.

Hata madaftari mengi ya Kanisa la Kianglikana, lililokuwa kanisa la dola, yaliteketea humo, kwa kuwa sheria ilikuwa imeyafanya kumbukumbu za serikali. Ya Wakatoliki hayakuhesabiwa hivyo. Hakuna aliyeyaitisha Dublin. Yalibaki vijijini, katika kabati la padri, pamoja na vumbi na panya. Basi kilichopuuzwa ndicho kilichosalimika.

Yaliyoandikwa humo

Wakatoliki waliamrishwa na mkutano wao mkuu wa Trento, mwaka 1563, kwamba kila padri wa parokia aweke daftari la ndoa na la ubatizo. Ayalandi ilichelewa kutimiza amri hiyo, maana sheria za Waingereza ziliwabana Wakatoliki kwa miaka mingi. Mji wa Wexford una daftari la tangu mwaka 1671, lakini katika parokia nyingi maandishi huanzia mwisho wa karne ya 18 au mwanzo wa karne ya 19. Serikali nayo haikuanza kuandikisha vizazi vya watu wote mpaka mwaka 1864. Kabla ya hapo, daftari la padri ndilo tegemeo.

Mara nyingi lugha yake ni Kilatini, lakini majina hayatatupotea sisi. Joannes ndiye Yahya wetu, Jacobus ni Yakubu, na Maria ni Maryamu. Mtoto alibatizwa siku chache tu baada ya kuzaliwa, kwa hiyo tarehe ya ubatizo hukaribiana sana na ya kuzaliwa. Hufuata jina la baba, na jina la mama kwa ukoo wa babake mwenyewe, si wa mumewe. Hapo ndipo penye hazina, kwani mtafutaji hufunguliwa milango miwili kwa pamoja, wa kuumeni na wa kukeni.

Huandikwa pia wasimamizi wawili wa mtoto, ambao mara nyingi walikuwa ami, shangazi, mjomba au khalati. Ndoa nayo kwa desturi ilifungwa katika parokia ya bibi arusi, kama kwetu bwana arusi anavyofuata kwa kina bibi arusi. Kwa hiyo ukiipata ndoa, umepata na kwao mama.

Jambo jingine litamshangaza msomaji wetu. Kwetu binamu kuoana ni halali. Kwao ilikatazwa, hata kwa waliokutana katika babu wa mbali, mpaka waombe ruhusa ya kanisa. Ruhusa ikitolewa, padri huandika wameachana kwa daraja ngapi. Neno moja hilo humjulisha mtafutaji kwamba, kwa mfano, bwana na bibi ni vitukuu vya mtu mmoja.

Tena tangu mwaka 1908 kanisa liliamuru kwamba mtu akioa au akiolewa, habari ipelekwe kwenye parokia alikobatizwa na iandikwe kando ya jina lake. Kwa hiyo daftari la kijijini laweza kumwonyesha binti aliyevuka bahari, ameolewa New York, mwaka fulani, na fulani.

Kazi hii si rahisi. Wino umefifia, na majina yanafanana. Katika kijiji kimoja huwa na kina John Sullivan kumi, kama ambavyo hapa mtaa mmoja huwa na kina Ali Mohamed kumi. Ndiyo maana mtafutaji lazima akijue hata kitongoji cha babu yake, na kisiwa hicho kina vitongoji zaidi ya 60,000. Tena mapadri wengi hawakuandika vifo. Wengi waliolala Abbeystrowry, alama yao pekee duniani huenda ikawa mstari mmoja wa siku walipobatizwa.

Katika miaka ya 1950 na 1960 Maktaba ya Taifa ya Ayalandi ilianza kuyapiga picha madaftari haya, na mwaka 2015 ikaziweka picha zaidi ya 370,000, za parokia zaidi ya 1,000, kwenye intaneti bila malipo. Mtu wa Boston sasa huyasoma akiwa nyumbani kwake.

Na sisi je?

Dini yetu imetuamrisha tuandikiane deni. Nasaba je, si deni kubwa zaidi? Mirathi haigawiki kwa haki bila kumjua nani ni nduguye nani. Mara ngapi mzee amefariki, shamba likagombaniwa, na mashahidi wote wamekwisha kutangulia mbele ya haki?

Tunayo madaftari ya ndoa ya makadhi. Tunazo hati za mashamba ndani ya masanduku, na majina yaliyoandikwa na mababu katika kurasa za mwanzo za misahafu ya nyumbani. Zaidi ya yote, tunao nyanya zetu, walioketi mikekani na ukoo mzima vichwani mwao.

Keti naye nyanyako jioni hii. Mwulize majina, mitaa, nani alimwoa nani, nani alisafiri asirudi. Andika nakala mbili, moja ikae kwako na moja kwa binamu yako, wala usingoje serikali ikuwekee. Yule padri wa kijijini aliandika mstari mmoja tu kila siku, na mstari huo ukadumu kuliko jumba la Dublin.