Malkia wa Zawose na Unyama wa Miaka ya 80

Huku kwetu Miono tunaijua singeli kinoma. Katiza kijiwe cha bodaboda jioni uone: sabufa inatema mipigo zaidi ya 200 kwa dakika, madogo wamepagawa, vumbi liko juu, na ukileta habari za muziki wa taratibu unaonekana unazingua. Mimi nami ni mwana wa singeli damu. Ila kuna albamu moja imenishika tangu itoke Juni 2024, na haijatoka mbali. Imetoka hapo Bagamoyo, kwa madada wawili wa ukoo mmoja, Pendo Zawose na Leah Zawose. Kundi linaitwa The Zawose Queens, albamu inaitwa Maisha, lebo ni Real World ya Uingereza. Kama hujaisikia, mwanangu, umepitwa na kitu kizito.

Ninavyoisikia mimi, hawa madada ni ndugu wa damu na masela wa hevi metali. Subiri, usisepe.

Mwanzoni mwa miaka ya 80 Uingereza iliwaka. Iron Maiden walitoa albamu yao ya kwanza 1980, Judas Priest wakashusha British Steel mwaka huohuo: gitaa mbili zinajibizana, besi inakimbia, mwimbaji anapaa mpaka nywele zinakusimama. Baadaye upepo ukageuka, ladha ikahama, na ile staili ikabaki kwenye kanda za wakongwe. Halafu 2004 huko Sweden wakatokea madogo wakaunda Enforcer. Wakaipiga staili ya zamani bila kuichakachua, na mwaka 2008 wakatoa Into the Night. Vikundi vya aina hiyo vipo sasa Canada, Marekani, kila kona. Wale hawakuwa wazee wanaolilia ujana wao. Walikuwa na njaa ya muziki unaopigwa kwa mkono, wenye uzito, unaokwaruza. Njaa hiyo naielewa. Sikiliza ngoma za siku hizi zilivyosafishwa kwenye kompyuta mpaka hazina hata chembe ya vumbi, halafu niambie kama roho haidai kitu kingine.

Sasa miaka ya 80 ya kwetu ilikuwaje? Bagamoyo ilikuwa moto. Mzee Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, alikuwa ameshaitwa Dar es Salaam enzi za Mwalimu Nyerere aje apige kwa ajili ya taifa. Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho leo tunakiita TaSUBa, kilipofunguliwa 1981, yeye alikuwa kati ya miamba iliyokishika. Ukoo nao ukahamia pwani, mpaka ikawa Wagogo wa Bagamoyo ni watu wa hapa kabisa. Mwaka 1985 ikatoka Tanzania Yetu, mzee na wenzake wakijulikana kama The Master Musicians of Tanzania, na huko nje watu wakadata. Ikaja Chibite 1996, hiyo tayari chini ya Real World, lebo ya mwanamuziki Peter Gabriel. Mwaka 2002 mzee akazunguka kwenye ziara ya huyo huyo Gabriel, kwenye majukwaa makubwa ya roki. Akafariki 30 Desemba 2003. Charles Zawose, mpwa wake aliyekuwa akipiga naye, akafuata mwaka 2004. Pengo la watu wawili kama hao halizibwi na mtu yeyote kwa haraka.

Nataka tukae kidogo kwenye ilimba, maana hapo ndipo penyewe. Ilimba ni sanduku la mbao lenye safu za vyuma vilivyofuliwa bapa, unavipiga kwa vidole. Ukikishika chombo chenyewe utaona vyuma vya urefu tofauti, na vingine havipigwi kabisa. Vimekaa tu pale vitetemeke vyenyewe jirani zao wanapoguswa. Na kwenye tundu la sanduku fundi anabandika utando wa buibui. Kazi yake nini? Ni kuikwaruza sauti. Chuma kinalia, utando unanguruma juu yake, na ile noti inatoka na mavumbi yake, na joto lake, haitoki tupu. Wanaopiga metali wanatumia mkwanja mrefu kununua vidude vya umeme vya kuchafua sauti ya gitaa. Mababu wa Kigogo walishalimaliza hilo kwa buibui, bila umeme, bila chochote. Mtu akiniambia ngoma za asili ni laini, ni za kupokelea wageni uwanja wa ndege, huwa nashindwa kuvumilia. Weka ilimba ya Hukwe kwenye spika kubwa, funga macho, uone kama hujatikisa kichwa.

Ongeza na zeze, ule uzi unaosuguliwa na upinde mpaka unalalamika. Ongeza njuga na kayamba. Halafu sauti za watu, zinapangwa juu kwa chini bila kinanda chochote cha kuziongoza, kila mtu na njia yake, na bado zinakutana. Si mchezo.

Sasa hapa ndipo Pendo na Leah wanapoingia. Pendo ni binti wa Mzee Hukwe, Leah ni mjukuu wake. Wamekulia ndani ya muziki huo, wakiimba nyuma. Kwa desturi ya Wagogo mwanamke ana ngoma yake, muheme, anaibana kati ya mapaja na kuitandika kwa viganja. Hiyo ni mali ya wanawake, na ni nzito hasa, ina heshima ya unyago ndani yake. Lakini ilimba na zeze vilikuwa mikononi mwa wanaume, na jina kwenye jalada lilikuwa la mwanamume. Miaka yote hiyo, sauti za wanawake ndizo zilizoujaza muziki wa Zawose, na sisi wasikilizaji hatukuwahi kuuliza ni akina nani.

Leo wako mbele. Wanatunga, wanaongoza, wanavipiga vyombo wenyewe, wanaimba kwa Kigogo na kwa Kiswahili. Kwangu hilo ndilo linaloifanya Maisha iwe kubwa kuliko kumbukumbu ya mzee. Wale Enforcer waliuchukua muziki wa zamani wakaupiga vilevile, na nawapa heshima yao. Hawa madada wameuchukua muziki wa zamani na kubadilisha nani anaushika. Unyama wa miaka ya 80 umerudi, ila sasa usukani umekamatwa na waliokuwa siti ya nyuma.

Kuna wana watabisha: maprodyuza ni Waingereza, Oli Barton-Wood na Tom Excell, na wameweka besi za umeme na midundo ya mashine chini yake. Si ndio kuchakachua huko? Nimesikiliza sana, na jibu langu ni hapana, ila kwa sharti. Pale ilimba inapoachwa itembee mbele na besi ikakaa chini kuibeba, imeenda hiyo, unaweza kuipiga disko Jumamosi na watu wakakamua. Pale mashine inapojaa kidogo, natamani ningeweza kuipunguza kwa mkono wangu nibaki na muheme na sauti mbili tu. Msafiri Zawose, mtoto mwingine wa Hukwe, alishapita njia hiyo na Uhamiaji mwaka 2017, kwa hiyo ukoo huu haujaanza leo kuchanganya.

Na Afrika Mashariki hawako peke yao kwenye kazi ya kusaka uzito. Nairobi wametoka Duma, Martin Khanja na Sam Karugu, metali kali ya kupasua masikio, albamu yao ikatoka 2020 kwa Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Ni lebo ileile iliyotoa Sounds of Sisso mwaka 2017 na kuwapelekea Wazungu singeli ya Dar. Metali ya Nairobi na singeli ya uswahilini zimekaa nyumba moja, wala hakuna aliyeshangaa. Kasi ni ileile, hasira ni ileile.

Turudi Miono basi. Kutoka hapa mpaka Bagamoyo unatokea Mandera, unashika lami ya Segera, unavuka Wami, ukifika Msata unakata kushoto, unapita mananasi ya Kiwangwa, umefika. Ni safari ya kawaida, watu wanaenda na mizigo yao na kurudi. Tamasha la sanaa la Bagamoyo lilianza mwanzoni mwa miaka ya 80, na wengi wetu tunalisikia kwenye redio tu. Tuchange nauli, twende kundi zima. Ilimba inataka kusikiwa ukiwa karibu, sio kwenye simu iliyopasuka spika.

Ila kinachoniwasha zaidi ni hiki. Wakwere na Wazigua na Wadoe wa huku kwetu nao wana ngoma zao za unyago, na mdundiko tunaucheza wote pwani nzima. Wanaozijua vizuri ni mabibi, na hawaandikwi popote, kama walivyokuwa hawaandikwi wale waimbaji wa nyuma wa Zawose. Madogo wa hapa wanaotengeneza biti za singeli kwenye kompyuta za geto wapo, nawajua. Nataka tumkalishe bibi mmoja na ngoma yake, kwa ruhusa yake na kwa malipo yake, zile nyimbo za ndani za unyago aziache humo ndani zinakostahili, tumrekodi anachotaka kurekodiwa, na jina lake ndilo liwe kubwa kwenye jalada. Maiki ya kuazima ipo. Kuanzia Kikaro mpaka Mkange, mwenye bibi wa namna hiyo anayekubali, anipate kijiweni kwa bodaboda, jioni yoyote.